Sura ya Tano: Mfuko wa Berea

Mwaka 1904 chuo kimoja cha Kikristo kwenye vilima vya Kentucky, Marekani, kilishtakiwa mahakamani na kutozwa faini ya dola 1,000. Kosa lake ni kuwafundisha vijana weusi na vijana weupe pamoja. Sheria iliyokitia hatiani ilikuwa mbichi, imepitishwa na bunge la jimbo mwanzoni mwa mwaka huohuo. Jina la chuo halikuandikwa ndani yake, lakini hapakuwa na haja, maana katika Kentucky nzima hapakuwa na chuo kingine chenye tabia hiyo. Kila mtu alijua kwamba imetungwa kwa ajili ya Berea.

Nimeanza na faini kwa sababu sura hii inahusu fedha. Tunapozungumza juu ya haki za watu tumezoea kutaja majina ya wahubiri na waandamanaji, tukawasahau watunza hazina na matajiri waliotia sahihi kwenye hundi. Lakini shule inayolea watetezi wa wanyonge ni shule kama nyingine: paa lake huvuja, walimu wake husubiri mshahara, na wanafunzi wake hufika na sanduku moja na mfuko mtupu. Lazima awepo wa kulipa. Na anayelipa, hata awe na moyo safi kiasi gani, ana mawazo yake kuhusu mahali ambapo haki inapaswa kuishia. Berea imeishi na jambo hilo tangu siku yake ya kwanza. Nasi huku Afrika Mashariki linatuhusu kuliko tunavyodhani, kwa kuwa fedha zilizotoka kwenye hazina za aina ileile, na fikra zilizozisindikiza, zilifika mpaka Kabete.

John Gregg Fee alizaliwa Kentucky mwaka 1816, katika nyumba ya mtu aliyemiliki watumwa. Alipokwenda Cincinnati kusomea uchungaji, ng'ambo ya Mto Ohio ambako utumwa ulikuwa marufuku, wanafunzi wenzake walimbana kwa hoja mpaka akakubali kwamba huwezi kumpenda jirani yako na wakati huohuo ukamuuza. Alirudi nyumbani kumhubiria baba yake. Mzee hakusikia, alimkana na kumnyima urithi. Kwa fedha zake mwenyewe Fee alimnunua Julett Miles, mwanamke aliyekuwa mtumwa wa baba yake, akamwacha huru. Mwaka 1858 mama huyo alirudi kuwachukua watoto na wajukuu wake ili awavushe mto. Alikamatwa, akafungwa katika gereza la Frankfort, na humo ndimo alimofia. Habari zake nimeziweka mbele ya habari za wafadhili kwa makusudi. Alikuwa ametoa alichokuwa nacho chote kabla chuo hakijapata jengo lolote la maana.

Mfadhili wa kwanza aliitwa Cassius Marcellus Clay, mwanasiasa mwenye mashamba makubwa, mkali wa ulimi na wa kisu, aliyewaachia huru watumwa wake na kutaka jimbo zima lifanye hivyo polepole, kwa kufuata sheria. Alimpa Fee kiwanja cha ekari 10 katika wilaya ya Madison, na pamoja na kiwanja akampa ulinzi, kitu ambacho kwa mhubiri wa namna ile kilikuwa na thamani kuliko ardhi. Fee alipaita mahali hapo Berea, jina la mji unaotajwa katika Matendo ya Mitume. Mwaka 1855 kikajengwa chumba kimoja, siku za kazi darasa, Jumapili kanisa.

Ulinzi ule haukudumu. Tarehe 4 Julai 1856, kwenye mkutano wa sikukuu ya uhuru, Fee alitamka mbele ya watu kwamba sheria inayomlazimisha raia kumrudisha mtumwa aliyetoroka inapingana na sheria ya Mungu, kwa hiyo haistahili kutiiwa. Clay akasimama palepale kumpinga. Sheria ni sheria, alisema, mpaka ibadilishwe. Tangu siku hiyo alijitenga naye, na magenge ya wenye watumwa yakajua kwamba mchungaji yule amebaki peke yake. Clay hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametoa ardhi kwa ajili ya haki yenye kipimo alichokiweka yeye, na mwenzake alipokivuka kipimo hicho, mkono ukarudi mfukoni. Hali hii imejirudia mara nyingi katika historia ya vyuo, na nadhani kila mkuu wa chuo cha kanisa anayesoma kurasa hizi ameshawahi kuionja.

Baada ya hapo mzigo ulibebwa na jumuiya ya wamishonari wapinga utumwa yenye makao New York, American Missionary Association, iliyokusanya sadaka ndogondogo za makanisa ya kaskazini. Fee mwenyewe alisafiri kuomba. Mwishoni mwa 1859 alikuwa Brooklyn, katika kanisa la mhubiri mashuhuri Henry Ward Beecher, akichangisha fedha za Berea. Ilikuwa wiki chache tu tangu John Brown avamie ghala la silaha la Harpers Ferry ili kuwakomboa watumwa kwa nguvu. Katika hotuba yake Fee alimsifu Brown kwa kujitoa kwake, akafafanua kwamba hazungumzii silaha. Magazeti ya Kentucky yalichukua sifa na kuuacha ufafanuzi. Desemba ile wanaume wenye silaha, wamepanda farasi, walipita nyumba kwa nyumba pale Berea na kuwapa walimu siku 10 wawe wameondoka jimboni. Waliondoka, na watoto, katikati ya baridi. Shule ikafungwa kwa sababu ya maneno yaliyosemwa wakati wa kuiombea fedha.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha walirudi, na miaka iliyofuata ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha habari nzima. Katika mwaka wa masomo wa 1866–67 Berea ilikuwa na wanafunzi 187: weusi 96 na weupe 91. Baadhi ya wanafunzi weupe walitoka darasani walipowaona weusi wakiingia; waliobaki walizoea. Kati ya wanafunzi weusi walikuwamo wanaume waliokuwa wamevaa sare za jeshi la Muungano katika kambi ya Camp Nelson, ambako Fee aliwafundisha kusoma wakati wa vita. Ardhi iliyouzwa kuzunguka chuo ilikatwa viwanja, navyo viligawanywa kwa namna ambayo familia nyeusi na nyeupe zilipakana ua kwa ua. Idara ya serikali iliyowahudumia watu waliotoka utumwani, chini ya Jenerali Oliver Otis Howard, ilisaidia ujenzi, na bweni moja likapewa jina lake.

Hakuna aliyefundisha pale somo lenye jina la uongozi wa haki za jamii. Jina hilo ni la juzijuzi. Kijana mweupe wa milimani, ambaye nyumbani hakuwahi kuonyeshwa mtu mweusi aliyemzidi cheo, alijifunza muziki kwa Julia Britton, binti mweusi aliyekuja Berea kama mwanafunzi mwanzoni mwa miaka ya 1870 akapewa na kazi ya kufundisha ala. Kijana alikaa kwenye kiti chake, akasubiri mwalimu amwambie vidole viwekwe wapi, akarudia tena alipokosea. Elimu ya haki ilikuwa hapo. Britton baadaye aliolewa akaitwa Julia Hooks, akawa mwalimu na mtetezi wa watu wake mjini Memphis. Mjukuu wake, Benjamin Hooks, aliiongoza NAACP, chama kikongwe cha haki za Wamarekani weusi, kuanzia 1977 hadi 1992.

Mwaka 1892 chuo kilipata mkuu mpya, William Goodell Frost, mwalimu wa Kigiriki kutoka chuo cha Oberlin. Huyu alikuwa bingwa wa kuchangisha, na nisingependa msomaji amdharau, maana bila yeye huenda Berea ingekufa. Alikuta hazina dhaifu na wafadhili wazee walioanza kufa. Ari ya kaskazini ya kuwasaidia watu waliotoka utumwani ilikuwa imepoa. Matajiri wapya wa viwanda hawakuwa na kumbukumbu ya vita. Frost akagundua kitu kingine kilichowagusa, nao ni Wazungu maskini wa milima ya Appalachia. Alipanda milima hiyo kwa farasi, akarudi na habari za watu wanaoishi kama mababu zao waliotoka Uingereza na Uskoti, wenye damu njema, waliosimama na Muungano wakati wa vita, wasio na shule. Aliandika katika majarida makubwa ya Boston na New York, akahutubia kumbi zilizojaa, na fedha zikamiminika.

Wanafunzi nao wakafuata fedha. Weupe waliongezeka kwa mamia, huku idadi ya weusi ikisimama palepale, hata kufikia 1904 hawakuwa hata mmoja kati ya watano, wao waliokuwa zaidi ya nusu mwaka 1866. Wahitimu weusi waliandika barua za malalamiko, wakadai walimu weusi. Fee, mzee sasa, alilalamika naye, kisha akafariki mwaka 1901. Frost hakumfukuza mtu. Aliwaambia wafadhili kile walichopenda kusikia, akakisema mwaka baada ya mwaka, mpaka chuo kikafanana na hotuba zake. Hatari kubwa ya ufadhili naiona hapa kuliko kwenye masharti yaliyoandikwa. Sharti lililoandikwa unaweza kulikataa. Ombi la fedha unaliandika mwenyewe, kwa lugha unayodhani itampendeza mwenye nacho, na kisha unalazimika kuishi ndani yake.

Ndipo akaja Carl Day, mbunge kutoka Breathitt, na mswada wake. Sheria iliyoitwa kwa jina lake iliziwekea faini shule, walimu na hata wanafunzi wenyewe, na ikaamuru kwamba chuo kikitaka tawi la rangi nyingine, liwe umbali usiopungua maili 25. Berea ilikata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Novemba 1908 majaji waliipa Kentucky ushindi: chuo ni shirika lililosajiliwa na jimbo, walisema, na jimbo lina mamlaka ya kubadilisha masharti ya usajili. Jaji John Marshall Harlan, mwana wa Kentucky aliyelelewa katika nyumba yenye watumwa, alipinga. Aliona kwamba serikali ikiweza kuwatenga watu waliochagua wenyewe kukaa darasa moja, hakuna kitakachoizuia kesho kuwatenga wakiwa kanisani.

Chuo kiliwalipia wanafunzi wake weusi nauli na gharama za kwenda Fisk na vyuo vingine vya watu weusi. Kisha Frost akazunguka tena kuchangisha, safari hii ili wajengewe shule yao. Andrew Carnegie, mfalme wa chuma cha pua, aliahidi dola 200,000 kwa sharti kwamba zipatikane nyingine kama hizo kutoka kwingineko. Zilipatikana. Mwaka 1912 Lincoln Institute ilifungua milango karibu na kijiji cha Simpsonville. Wahitimu weusi wa Berea walikuwa wakitarajia chuo. Walichopewa ni shule ya sekondari yenye kilimo, ufundi, kazi za nyumbani na mafunzo ya ualimu. Mtu ambaye mdogo wake angesoma Kigiriki pamoja na Wazungu sasa aliambiwa ampeleke akajifunze kuchunga boila. Uchungu wao naona ulikuwa halali kabisa, na ukubwa wa hundi ya Carnegie haukuupunguza.

Hata hivyo shule ile ilitoa zaidi ya ilivyokusudiwa. Mkuu wake wa kwanza mweusi, Whitney Young, alilea mwanawe kwenye uwanja huohuo wa shule. Mtoto huyo, Whitney Young mdogo, ndiye aliyeongoza National Urban League kuanzia 1961 na kuwa mmoja wa waandaaji wa maandamano makubwa ya Washington ya 1963. Alifia Lagos, Nigeria, mwaka 1971. Elimu humponyoka hata mfadhili aliyeipunguza makusudi.

Mwaka mmoja kabla ya mlango wa Berea kufungwa, mwaka 1903, alitoka hapo kijana mmoja aliyewahi kuchimba makaa ya mawe West Virginia. Jina lake Carter G. Woodson. Wazazi wake walikuwa wamezaliwa utumwani. Mwaka 1912 alipata shahada ya udaktari wa historia Harvard, mwaka 1915 akaanzisha chama cha kuchunguza maisha na historia ya watu weusi, na mwaka 1926 akaanzisha wiki ya historia yao, ambayo leo imekuwa mwezi mzima wa Februari. Ukiuliza Berea ya Fee ilizaa nini, jibu la kwanza ni huyu.

Woodson aliwajua wafadhili kwa karibu. Julius Rosenwald, tajiri wa maduka ya Sears, alimtumia dola 100 kila robo mwaka kwa ajili ya jarida lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Carnegie Corporation na mfuko wa kumbukumbu ya Laura Spelman Rockefeller kila mmoja uliahidi dola 25,000. Kwa muda aliweza kuajiri watafiti. Baadaye wakubwa hao wakamtaka aunganishe chama chake na chuo kikuu. Akakataa, akijua kwamba wangepata kumdhibiti kwa kupitia chuo hicho. Zaidi ya hayo alikuwa amegombana hadharani na Thomas Jesse Jones, mkurugenzi wa elimu wa Phelps-Stokes Fund, mtu ambaye ushauri wake wafadhili weupe waliuthamini kila ilipotajwa elimu ya watu weusi. Fedha kubwa zikakauka. Woodson akageukia walimu wa shule za watu weusi, makanisa yao, vikundi vya akina mama, waliotuma dola moja, senti 50. Kwa hizo chama kiliishi, na hakuna mwenyekiti wa bodi ya New York aliyeweza kumwambia nini kisichapishwe.

Jina la Jones linatuleta nyumbani. Mwaka 1924 aliongoza tume ya Phelps-Stokes kupita Afrika Mashariki kukagua elimu, akiwa pamoja na James Aggrey wa Gold Coast, mtu aliyesoma na kufundisha katika chuo cha kanisa huko North Carolina. Wazee wetu walimkumbuka Aggrey kwa miaka mingi, kwa sababu walikuwa hawajawahi kumwona Mwafrika akikaa na magavana kama mwenzao. Ripoti ya tume, hata hivyo, ilikuwa ya Jones: Mwafrika apewe elimu inayolingana na maisha ya kijijini, kilimo, afya, ufundi wa mikono. Mwaka 1925 ikafunguliwa Jeanes School ya Kabete, nje ya Nairobi, kwa msaada wa Carnegie Corporation, ili kuandaa walimu wa kuzungukia shule za vijijini. Ilifanya kazi nzuri katika mengi. Lakini fikra iliyoijenga ndiyo iliyojenga Simpsonville, na watu wa hapa waliitambua haraka.

Majibu yao yalifanana na ya Woodson, ingawa hawakuwa wakiwasiliana. Baada ya mgogoro na misheni mwaka 1929, Wakikuyu walianzisha shule huru zao, nyingi zikiwa na makanisa yao ubavuni. Mbiyu Koinange, aliyekwenda Marekani mwaka 1927 kusoma Hampton, kisha Ohio Wesleyan, chuo cha Wamethodisti, kisha Columbia, alirudi akakuta watu wanataka walimu. Januari 1939 kikafunguliwa chuo cha ualimu cha Githunguri. Hapakuwa na Carnegie. Marika yalishindana kuchanga, wanaume kwa wanawake, na mwenye kuku alileta kuku. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilikifunga chini ya Hali ya Hatari. Githunguri ilikuwa na uhuru wa fedha bila ulinzi wa dola, Berea ya 1904 ilikuwa na fedha bila ulinzi wa dola, na zote mbili zilivunjwa na sheria. Sitaki msomaji adhani kwamba mfuko peke yake unatosha.

Lakini mfuko huamua ni nani atakayebaki amesimama siku sheria itakapobadilika, na hapa Berea ina somo ambalo vyuo vyetu havijalichukua. Tangu 1892 chuo hiki hakijamtoza mwanafunzi karo. Mwaka 1920, mwaka ambao Frost alistaafu, bodi ya wadhamini iliamua kwamba kila fedha iliyoachiwa chuo kwa wasia, bila mwenyewe kuipangia kazi maalumu, isitumiwe; iingizwe yote katika mfuko wa kudumu, na chuo kile faida yake tu. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu. Ni wakfu, kama shamba la minazi ambalo mwenyewe amelitoa: minazi haiuzwi, zinauzwa nazi. Uamuzi huo ulihitaji nidhamu kali, kwa sababu kila mwaka kuna bweni linalohitaji paa na mtu anayesema fedha si ziko pale. Wadhamini walishikilia kwa zaidi ya miaka 100, na leo mfuko huo umezidi dola bilioni 1, kwa chuo chenye wanafunzi wapatao 1,500. Faida yake ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya gharama.

Upande mwingine wa hesabu unabebwa na mikono ya wanafunzi. Kila mmoja hufanya kazi saa zisizopungua 10 kwa wiki, awe mtoto wa nani, na kazi hupewa alama kama somo. Wengine huhudumia hoteli ya chuo, wengine hufuma, wengine hutengeneza mafagio. Karakana ya mafagio inastahili kutazamwa kwa makini. Malighafi yake ni aina ya mtama unaopandwa kwa ajili ya vishada vyake virefu tu. Mwanafunzi hupachika mpini kwenye mashine, akauzungusha huku waya ukivutwa kwa nguvu na kukaza vishada tabaka juu ya tabaka. Kisha hukibana kichwa cha fagio kwenye jiliwa mpaka kiwe bapa, akakishona kwa mkono, mshono kwa mshono, kwa uzi mnene. Fagio likilegea, linarudi. Anayefanya kazi hiyo jioni anaweza kuwa asubuhi alikuwa akijadili falsafa. Fee na wenzake walitaka hivyo, kwamba mtu aliyesoma asiwadharau wanaofagia.

Wakfu huu ulijengwa katika miaka ambayo weusi walikuwa wamefungiwa nje. Ni lazima lisemwe. Wajukuu wa Camp Nelson walilipa gharama ya miaka 46, na hakuna faida ya benki inayoweza kuirudisha. Mwaka 1950, mwaka uleule aliofariki Woodson, Kentucky ililegeza sheria ya Day kwa vyuo, na Berea ikawafungulia mlango wanafunzi weusi mwaka huohuo, miaka minne kabla ya hukumu mashuhuri iliyofuta ubaguzi katika shule za Marekani. Hakuna mfadhili aliyehitaji kuombwa ruhusa. Machi 1965 kundi la wanafunzi na walimu wa Berea lilikwenda Montgomery kujiunga na maandamano ya Martin Luther King. Mwaka 2004 mwandishi bell hooks, mzaliwa wa Kentucky, mmoja wa wanafikra wakali kabisa wa Marekani juu ya rangi, jinsia na tabaka, aliacha miji mikubwa akaja kufundisha hapo, akakaa mpaka kifo chake Desemba 2021. Chuo kinachoishi kwa kumwogopa mfadhili kisingemwita mtu kama yule.

Hata serikali ilirudi kuupima uzito wa mfuko huo. Mwishoni mwa 2017 bunge la Marekani liliweka kodi ya asilimia 1.4 kwenye faida za mifuko ya vyuo tajiri, na kwa jinsi maneno yalivyoandikwa, Berea ikajikuta kundi moja na Harvard. Februari 2018 sheria ikarekebishwa: ihusu vyuo vyenye angalau wanafunzi 500 wanaolipa karo. Berea haina hata mmoja.

Kuna namna nyingine ya kutoa ambayo ni haki niitaje kabla sijamaliza. Mwaka 1960 binti wa Nyeri aliyeitwa Wangari alipanda ndege kwenda Kansas, kwenye chuo cha masista Wabenedikto kilichoitwa Mount St. Scholastica, katika mpango ulioanzishwa na Tom Mboya na kusaidiwa mwaka huo na fedha za familia ya Kennedy. Alihitimu 1964. Miaka 25 baadaye alisimama mbele ya serikali iliyotaka kujenga jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Waliomlipia hawakumpangia apande miti wala amkasirishe nani. Walilipa, masista wakafundisha, yeye akaenda zake. Hii ndiyo zawadi bora kabisa ambayo mwenye nacho anaweza kumpa mwanafunzi, na ni adimu kwa sababu haimwachii mtoaji kitu cha kuonyesha kwenye ripoti ya mwaka.

Vyuo vya makanisa tunavyo: Limuru, Makumira, Mukono, Mwanza, na vingine vingi vidogo. Vingi huishi kwa karo ya muhula na kwa miradi ya wafadhili wa nje yenye umri wa miaka mitatu. Mradi ukiitwa haki za wanawake, chuo hufundisha haki za wanawake. Ukibadilika kuwa mabadiliko ya tabianchi, na ratiba hubadilika. Siwalaumu wakuu wa vyuo, mkono mtupu haulambwi. Lakini sisi tuliosomeshwa humo tunachanga mamilioni kwa harusi na mazishi, halafu tunamwachia Mmarekani au Mjerumani aamue ni haki ipi itafundishwa kwa watoto wetu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, nasi ndugu tunayemtegemea hata hatujui.

Kwa hiyo, kama wewe ni mdhamini wa chuo, peleka hoja kwenye kikao kijacho: wasia wowote na mchango wowote usiopangiwa kazi uingie kwenye wakfu, mtaji usiguswe, na hesabu zake zibandikwe mahali ambapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataziona. Kama wewe ni mhitimu, anza na kiasi kidogo usichokionea haya na ukirudie kila mwezi. Na kama Mungu amekujalia kuwa na fedha nyingi, toa kwa chuo kinachofundisha jambo unalolikubali nusu tu, kisha usipige simu.